Uso wa Muuguzi

"Kwangua uso huo, binti. Hospitali haitatundika picha ya muuguzi mweusi," msimamizi alisema. "Hutaki, kapange foleni ya supu ya bure na wenzako wasio na kazi."

Ozella alishika patasi. Katika karakana ile ya Philadelphia, mwaka 1938, wachapaji wote walijua: ukichonga kibao, hapo karatasi hubaki nyeupe, usipochonga, wino hushika. Na kilichochongwa hakirudishwi.

Ncha ikatua shavuni mwa muuguzi aliyemchora kibaoni. Unyuzi wa mbao ukajikunja kama ukucha.

Akasita. Akaiweka patasi, akapaka kibao wino, akalaza karatasi, akazungusha gurudumu la mashine.

Uso ukatoka mweusi, na mkwaruzo mmoja mweupe shavuni.

"Una wazimu? Niombe radhi, sasa hivi!"

"Siombi, bwana."