Ishara Isiyojibiwa

"Nilimkataza huyu," Bi Zamda, mwenye kituo cha uzamiaji, aliwaambia wakaguzi wa chama kilichompa Kombo leseni ya ualimu wa uzamiaji. "Bahari ilichafuka. Hakunisikia."

Kombo alimkodolea macho. Asubuhi ile Bi Zamda huyuhuyu ndiye aliyemwambia, "Wapeleke tu, mwanangu, wageni wamechoka kungoja." Mwanafunzi mmoja kati yao hakuibuka tena.

Kombo akafutiwa leseni. Kituo kikapewa onyo.

Mlangoni Bi Zamda aliunganisha kidole gumba na cha shahada kuwa duara, ishara ya wazamiaji ya kuulizana: u salama? Mwenyewe ndiye aliyemfundisha Kombo kwamba lazima ijibiwe, maana asiyejibu yumo hatarini, na mwenzake haruhusiwi kumwacha.

Kombo alitia mikono mfukoni. Duara la Bi Zamda likabaki hewani, likingoja.