Nywele za Arobaini za Mahfudhi

Mjini kwetu nyumba haziungui tena. Magodoro, mapazia, hata sponji za makochi zimetiwa dawa ya bromini inayofukuza moto, na vumbi lake jeupe huelea jua linapoingia dirishani, kana kwamba nyumba nzima inaota. Ndiyo maana kila mtoto hupimwa siku ya arobaini, akinyolewa, ijulikane kama dawa imemwingia mwilini.

Mpimaji wetu alikuwa dada mpole. Mama mkwe wangu, Bi Tatu, alimnyoa mwanangu Mahfudhi juu ya kanga, nywele laini kama sufi. Mpimaji alizitia kidogo kwenye kisosi, akawasha njiti ya kiberiti.

Moto ulizilamba, ukafa. Akawasha njiti ya pili. Ukafa tena.

Bi Tatu akapiga vigelegele. Mama yake aliteketea na nyumba, zamani, yeye akiwa mtoto. "Mjukuu wangu hataungua! Alhamdulillahi!"

"Bibi," mpimaji alisema kwa upole, "nywele za mtoto zinatakiwa ziungue. Zikikataa moto, dawa imeshamwingia."

Vigelegele vikakatika.

"Mama Mahfudhi, unamnyonyesha?"

"Ndiyo."

"Unalalia godoro gani?"

Nikalitazama godoro la harusi yangu, zawadi ya Bi Tatu. Mahfudhi alikuwa ameanza kulilia ziwa, na vumbi lilikuwa likitua polepole juu ya kipara chake kipya. Nikang'oa unywele mmoja kichwani mwangu, nikamwomba mpimaji kiberiti.