Sanda ya Bi Zuwena

Siku hizo kila kufuli ilitii mapigo ya moyo wa mwenyewe. Moyo ukisimama, kufuli ilijifunga na haikufunguka tena.

Ndani ya kasha lake la chuma, Bi Zuwena alitunza sanda aliyoiosha kwa maji ya Zamzam alipokwenda Hija. Sasa alilala hoi, mumewe Mzee Hatibu akimpepea.

"Baba Mwanate, nitolee sanda yangu," alisema. "Nikiondoka, kasha nalo limejifunga."

"Sanda ya nini, bibi wewe? Kesho utaniamsha kwa makelele yako kama kawaida."

"Mbishi wewe tangu ujana."

"Na ubishi huo ndio ulioupenda."

Bi Zuwena akacheka kidogo, kisha akamwomba tena. Mzee Hatibu hakuinuka. Aliona kwamba akiigusa ile nguo, atakuwa amemruhusu mkewe aende. Akamnywesha uji vijiko viwili, akaendelea kumpepea.

Alasiri, kasha lilijifunga kwa mlio mdogo. Mzee Hatibu alijua kabla hajamtazama mkewe usoni.

Fundi alihangaika na lile kasha hadi akakata tamaa. Maziko yalikuwa yamekaribia, basi Mzee Hatibu akaenda mwenyewe dukani kununua sanda nyingine.

Wanawake walipomaliza kuosha na kukafini, dada wa marehemu alitoka akilia.

"Shemeji, ndiyo ile ya Zamzam? Alikuwa akiisema kila siku."

"Ndiyo hiyo," akajibu Mzee Hatibu, akaomba jeneza lifunikwe upesi.