Wageni Wasimame

Mgeni alikataa kusimama. Kanisa zima likamgeukia, na Mama Jokébed, shemasi aliyepika maharage tangu alfajiri kwa ajili ya watu kama huyo, akaona aibu kana kwamba kosa ni lake.

"Baba, simama tu," alimnong'oneza. "Sema jina, sema fasi unatoka, tukusalimie."

Mgeni, mzee aliyevaa koti la mvua, akainamisha kichwa. Butembo mgeni wa kanisani husimama, hujitaja, hupigiwa makofi. Asiyesimama amefuata nini?

Pasta Melchior ndiye aliyeokoa hali. "Mumuache, bandugu," alisema akicheka. "Eko na njaa, na njaa haina adabu." Watu wakacheka naye, ibada ikaendelea.

Pasta huyo alikuwa zawadi. Alipofika alikuta kanisa limebaki na wajane na panya. Vijana walikuwa wamejificha kwenye dari za nyumba zao, maana waasi walioshika mji waliwakamata na kuwapeleka porini kubeba risasi, na aliyekwenda hakurudi. Pasta hakuanza na mahubiri. Alianza na masufuria.

"Kanisa isiyolisha jirani yake itakufa," alisema. Wakimbizi wakapikiwa, wajane wakapewa cherehani, kwaya ikafufuka. Kila Jumapili aliwauliza wageni jina, kijiji na kazi wanayoijua, ili wasaidike. Hata kwa komanda wa waasi alikwenda mwenyewe, akarudi na ahadi kwamba ndani ya kanisa hataguswa mtu. Mabenchi yakajaa vijana.

Aliyekosekana ni Muyisa, mtoto wa pekee wa Mama Jokébed. Mama alimficha darini na hakutaka kusikia la mtu.

Baada ya ibada alimfuata yule mgeni penye masufuria. Jina lake lilikuwa Zorobabel, mkimbizi kutoka Eringeti.

"Ulitupatisha haya," Mama alimwambia. "Juu ya nini ulikatala kusimama?"

Mzee alimtazama Pasta, aliyekuwa akimbebea bibi mmoja sahani yake.

"Kwetu Eringeti tulisimamaka bote," alijibu polepole. "Mama, uko na mutoto kijana?"

Mama Jokébed akarudi nyuma hatua moja. Mtu anayejificha mwenyewe, halafu anauliza watoto wa wenzake! Mwenye macho haambiwi tazama. Akaita wanaume, wakamsukuma mzee hadi barabarani, sahani yake ikabaki imejaa.

"Mutoto asisimame!" alipiga kelele kutoka nje ya ua. "Mama, asisimame!"

"Mpelelezi," alisema Mama Jokébed, akafunga mlango wa ua.

Alimsimulia Pasta, naye akatikisa kichwa kwa huzuni. "Vita inaharibu roho za batu," alisema. "Sasa sikia, Mama. Muyisa anaozea mule juu. Dimanche inayokuja njo ya mwisho yangu hapa. Kuna kanisa moja ya Kirumba inakufa, bananiita. Acha aje apige ngoma, nimuone hata mara moja."

Angemkataliaje mtu aliyewafufua? Akakubali.

Jumapili hiyo Muyisa alipiga ngoma hadi watu wakasahau vita. Mama Jokébed alilia kwa furaha, wala hakuficha. Mwishoni Pasta akawaomba vijana wote wasimame awabariki. Wakasimama, vichwa vimeinama, macho yamefumbwa.

Wakati huo ndipo askari wa waasi walipoingia kwa milango yote. Wakachukua waliosimama. Wakamshika na Pasta mkono, wakatoka naye.

"Ni yule wa Eringeti!" Mama Jokébed alipiga mayowe. "Njo yeye alituuzisha!"

Juu ya mimbari Biblia ya Pasta ilikuwa imebaki wazi. Aliinyakua, akakimbia nayo barabarani, kiatu kimoja kikamtoka. Muyisa alikuwa kwenye lori, amefungwa na wenzake kamba moja, na hakuweza kumtazama mama yake. Askari wakamzuia asisogee. Tumaini lililobaki lilikuwa moja tu: Pasta akiachiwa, atakwenda tena kwa komanda, atamwombea Muyisa.

Mbele ya lori palikuwa na jeep. Pasta alikuwa ameketi ndani, karibu na komanda.

"Mumuachilie!" Mama alilia akigonga kioo. "Hakufanya kitu! Ni mutu ya Mungu!"

Komanda alicheka, akamfungulia Pasta chupa ya Fanta. "Pasta, batoto ba hapa beko bengi kupita ba Eringeti."

Kioo kikashuka. Pasta Melchior akanyoosha mkono, akaichukua Biblia taratibu kutoka mikononi mwa Mama Jokébed.

"Wasingya, Mama," alimshukuru, kwa sauti ileile ya kubariki. "Kule Kirumba itanisaidia."