Mstari Unaoshuka

Siku hizi takwimu hufundishwa kwa mapigo ya moyo ya wachezaji wa mtaani. Fulana zao huyapima na kuyatuma shuleni bila majina, na ni marufuku kumwambia mwenyewe.

"Mama, mstari wa huyu unashuka kila wiki," alisema Tunu, akichora grafu. "Mwalimu anataka tubashiri moyo wake utasimama lini."

Salha akainama kutazama. Mchezaji huyo hukimbia Jumapili tu, na kila baada ya mapumziko mapigo yake hutulia, kama ya mtu aliyehamia golini. Kati ya maveterani wote wa timu ya mtaa, mwenye desturi hiyo ni mmoja.

"Umepata utasimama lini?"

"Leo, Jumapili. Nimerudia hesabu, jibu ni lilelile."

Mumewe akaita kutoka chumbani, "Mama Tunu, umeziona njumu zangu?"

"Sijaziona," akajibu, akizisukuma kwa mguu chini ya kochi.