Kome wa Majira ya Kuchipua

Supu ilikuwa bado inafuka Sunrye alipomwona mumewe akijipapasa midomo.

"Bibi wee, umetia nini humu? Midomo kama si yangu!" Mzee akacheka, akainua bakuli anywe tena.

"Weka chini!"

"Kuna nini? Si umewanunua kome hawa sokoni?"

Asubuhi ile, miti ya cheri ikichanua bandarini, Sunrye aliwabandua kome mwenyewe kwenye miamba, hatua mbili kutoka tangazo la manispaa: wakati huu wana sumu, na kuwapika hakuiondoi. Alilisoma. Alijua tu mzee anavyowapenda.

"Sikuwanunua," alisema, ulimi ukiwa mzito.

Mzee akaacha kucheka.

Sunrye akasukuma kando bakuli lake, alilokwisha kunywa nusu, akachukua simu kuita gari la wagonjwa, lakini vidole vyake havikuhisi vitufe.