Kobe na Mlimau wa Kopo

Kobe alipewa mche wa mlimau uliooteshwa ndani ya kopo. Akachimba shimo uani kwake, akauweka pamoja na kopo lake, akafukia.

"Jirani, umesahau kuutoa kwenye kopo," alisema Fuko, mjuzi wa mizizi yote ya mtaa ule.

Kobe akafura. "Nimvue mwenzangu nyumba yake? Raha ya gamba anaijua mwenye gamba!"

Kobe akaumwagilia mlimau kila asubuhi, na nyimbo akauimbia. Mlimau ukadumaa tu, majani yakawa ya njano, mpaka Kobe akaanza kulia.

"Njoo uone mwenyewe," Fuko akamwambia. Akalifukua kopo, akalipasua. Humo mizizi ilikuwa imejisokota kama kamba kwa kukosa pa kwenda. Wakaifungua taratibu, wakaupanda mlimau upya, wakaumwagia maji. Mvua za vuli zilipokuja, ukachipua.

"Kumbe nyumba huua!" Kobe akapiga kelele kwa furaha. Akaenda mbio, mbio zake za kobe, hadi kwa Konokono. Akalikamata gamba lake, akaanza kulivuta.

"We! Unafanya nini?"

"Nakuokoa, ndugu yangu! Utadumaa humo!"

"Ahsante sana," alisema Konokono. "Lakini wewe ndiye mkubwa, tangulia. Vua lako kwanza nikuone."

Kobe akaingiza kichwa ndani. Hata leo ukimgusa hujificha hivyo hivyo, akidhani umekuja kumwokoa.